Ukimleta diskasi nyumbani, mwandalie mto wake

UKIITWAA ramani ya dunia, uweke kidole juu ya Nairobi kisha ukisogeze polepole kuelekea magharibi bila kupanda wala kushuka, utavuka Ziwa Victoria, utapita kusini mwa Uganda, utaukata msitu mkubwa wa Kongo na kutumbukia katika bahari ya Atlantiki. Utaibukia ng'ambo ya pili karibu na mji wa Belém, nchini Brazili. Usisimame hapo. Endelea kuupasua msitu wa Amazon hadi ufike kando ya mto mmoja mpana penye mji mdogo uitwao Barcelos. Mji huo na Nairobi yetu imo takribani katika mstari mmoja, digrii moja hivi kusini mwa Ikweta.

Hapo ndipo kwao samaki aitwaye diskasi.

Huenda umewahi kumwona katika tangi la kioo, hotelini au dukani panapouzwa samaki wa mapambo. Ni samaki wa mviringo, bapa kama sahani iliyosimamishwa kwa ukingo, na akikomaa hufikia sentimita 15 hadi 20. Wale wa mtoni wana rangi ya hudhurungi, milia ya wima na mistari ya buluu usoni. Wale waliozalishwa na binadamu ni wekundu, wa buluu, wa manjano, hata weupe. Huogelea taratibu, kama mtu asiyekuwa na deni. Mtaalamu wa Austria, Johann Jakob Heckel, ndiye aliyempa jina la kisayansi mwaka 1840, akitumia samaki aliyekusanywa huko Rio Negro na Mwaustria mwenzake, Johann Natterer.

Mpenzi msomaji, nakueleza haya kwa sababu kuna kisa kimoja kinachojirudia katika nyumba nyingi za mjini. Baba au mama anawanunulia watoto tangi Jumamosi asubuhi. Saa sita limejazwa maji ya mfereji. Saa kumi jioni, diskasi wanne wa bei ghali wamo ndani, na majirani wanaitwa waje kushangaa. Wiki moja baadaye samaki wamekuwa weusi, wamejibanza pembeni na hawali. Wiki ya pili wanaelea ubavu. Mtoto analia, baba ananung'unika, muuzaji analaumiwa, na tangi linapelekwa stoo kuwekwa viazi.

Si uchawi wala si mkosi. Samaki ameletwa, ila mto wake umeachwa nyuma. Hebu basi tufunge safari hadi kwao, tuone ni nini hasa tulichokisahau.

Chai ya mkandaa na chai ya maziwa

Safari ya Rio Negro huanzia Manaus, jiji la zaidi ya watu milioni mbili lililozungukwa na msitu. Utajiri wa mpira ndio uliolijenga, na jumba lake la michezo ya kuigiza, Teatro Amazonas, lilifunguliwa mwaka 1896. Usiogope lugha. Wenyeji huzungumza Kireno, na Wareno ndio hao hao walioanza kujenga Fort Jesus kule Mombasa mwaka 1593. Ukisikia mtu akitaja "mesa", anasema meza, kwani neno hilo tulilichukua kwao. Na "Rio Negro" maana yake ni Mto Mweusi.

Karibu na Manaus kuna ajabu moja ambayo kila mgeni hupelekwa kuiona kwa boti. Mto Solimões, wenye matope kutoka milima ya Andes, unakutana na Rio Negro. Badala ya kuchanganyika, maji hayo yanakwenda sambamba kwa kilomita sita hivi, moja likiwa na rangi ya chai ya maziwa na jingine rangi ya chai ya mkandaa. Solimões ni baridi zaidi, mzito na una kasi. Rio Negro ni vuguvugu, mwepesi na hauna haraka.

Mfano wa chai si mzaha. Weusi wa Rio Negro hutokana na majani na mbao za msituni zinazoroweka majini mwaka mzima, kama vile majani ya chai yanavyoroweka katika birika. Maji yenyewe yana madini kidogo sana, hivi kwamba sabuni hutoa povu mara moja. Tena yana asidi. Katika kipimo ambacho wataalamu hukiita pH, 7 ni katikati, chini yake ni asidi na juu yake ni magadi. Rio Negro aghalabu huwa kati ya 4 na 5. Ama kuhusu joto, diskasi wamezoea maji ya nyuzi 28 hadi 30.

Sasa linganisha na ndugu yake wa hapa kwetu. Naam, diskasi ana ndugu Kenya! Wanasayansi humweka katika ukoo mmoja na tilapia. Katika Ziwa Magadi kuna tilapia wadogo wanaoishi katika maji ya pH 10 hivi, kwenye chemchemi ambazo joto lake hupita nyuzi 40. Ukoo ni mmoja, lakini ukimbadilisha huyu na yule makao, wote wawili watakufa. Samaki huwezi kumtenga na maji yake, na hilo ndilo somo la kwanza la safari hii.

Msitu chini ya maji

Kutoka Manaus unapanda boti ya abiria kuelekea juu ya mto. Kila msafiri hufunga machela yake ya kitambaa na kulala akibembea. Utapita visiwa vya Anavilhanas, karibu 400, vilivyofanywa mbuga ya taifa mwaka 2008. Baada ya safari ya zaidi ya siku moja, takribani kilomita 400 kutoka Manaus, unashuka Barcelos.

Mji huu umeishi kwa samaki wa mapambo kwa miaka mingi. Wavuvi wake huitwa "piabeiros", kutokana na neno "piaba", yaani samaki wadogo. Kila mwaka kuna tamasha la samaki hao, ambapo mji hugawanyika makundi mawili yanayoshindana kwa ngoma na mavazi. Kundi moja ni la kadinali, kisamaki chekundu chenye mstari wa buluu. Kundi la pili ni la "Acará-Disco", yaani diskasi. Pale kwetu watu hugawanyika kwa Gor Mahia na AFC Leopards, kule wao hugawanyika kwa samaki.

Sasa ingia mtumbwini, uone anapoishi. Kila mwaka mto hupanda mita 10 hivi na kuuvamia msitu. Boti hupita katikati ya matawi, na samaki huogelea mahali ambapo miezi michache iliyopita walikuwa ndege. Diskasi hukaa kwa makundi katika vivuli vya matawi yaliyozama, kwenye maji yaliyotulia. Umbo lake bapa ndilo linalomwezesha kupenya baina ya vijiti. Usiku hutulia hapo, na mvuvi humjia kwa tochi na wavu wa mkono.

Hapo ndipo hulea watoto wake kwa namna isiyokuwa ya kawaida. Vifaranga wakishaanza kuogelea, huwaganda wazazi wao ubavuni na kula ute unaotoka katika ngozi yao. Baba na mama hupokezana zamu kwa muda wa wiki tatu hivi, kabla ya kuwaachisha. Ute huo pia ni ngao ya samaki dhidi ya maradhi. Maji yakiharibika, ngao hiyo huharibika vilevile.

Kwa hiyo ukilipanga tangi lako, usiige duka la vioo. Liwe na kina, sentimita 45 au zaidi, na liingie lita 240 kwa samaki sita, yaani lita 40 kwa kila mkubwa mmoja. Weka gogo moja au mawili ya mti mkavu usiooza, na taa isiyo kali. Liwe mbali na mlango unaobamizwa na televisheni inayonguruma. Tena usinunue diskasi mmoja au wawili. Wakiwa wachache, mwenye nguvu humwonea mnyonge hadi akafa kwa njaa. Wakiwa sita, uonevu hugawanyika.

Kinachoua hakionekani

Mto una jambo jingine ambalo jicho halilioni. Samaki hutoa uchafu wa mwili wake kupitia matamvua, na uchafu huo ni sumu iitwayo amonia. Mtoni, sumu hiyo huchukuliwa na maji na kushughulikiwa na bakteria wanaoishi juu ya kila jani na kila kijiti. Tangi jipya halina bakteria hao. Vioo ni visafi, mchanga umeoshwa, maji yanang'aa. Kumbe kung'aa huko ndiko kunakotudanganya! Samaki wanne wanapotiwa humo, wanaanza kuoga katika uchafu wao tangu saa ya kwanza.

Bakteria wanaohitajika ni wa aina mbili. Wa kwanza huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Wa pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo haina ukali mwingi na huondolewa kwa kubadilisha maji. Bakteria hawa huja wenyewe, lakini huchukua wiki nne hadi sita kuzaana vya kutosha. Kipindi hicho ndicho wapenzi wa samaki hukiita kulikomaza tangi, na ndicho ambacho familia nyingi hurukia.

Fanya hivi. Jaza tangi maji yasiyokuwa na klorini. Washa kichujio na hita, uviache usiku na mchana. Kila siku tia chembe kidogo za chakula cha samaki, ingawa samaki hayumo. Chakula kikioza hutoa amonia, na hiyo ndiyo chakula cha bakteria. Nunua vipimo vya amonia na nitriti, uwape watoto kazi ya kupima na kuandika katika daftari. Wataona amonia ikipanda, kisha nitriti ikipanda huku amonia ikishuka, hatimaye zote mbili zikifikia sufuri na kubaki nitrati. Hilo ni somo la sayansi lisilohitaji maabara. Ukiwa na rafiki mwenye tangi la miaka mingi lisilo na ugonjwa, mwombe kipande cha sponji ya kichujio chake. Kitafupisha safari.

Lakini pima hata hivyo. Usihesabu siku, hesabu sufuri.

Nairobi si Barcelos

Tulisema miji hii miwili imo katika mstari mmoja. Hata hivyo, Barcelos iko karibu usawa wa bahari, na Nairobi imekaa mita 1,700 hivi juu yake. Usiku wa Julai tunajifunika mablanketi mawili. Maji yasiyopashwa moto yatashuka chini ya nyuzi 20, na diskasi hawezi kustahimili hayo. Hita ni lazima, pamoja na kipimajoto cha kuihakiki, kwani hita huweza kuharibika bila kukuarifu. Kwa mkazi wa Mombasa kazi ni nyepesi, lakini hata yeye asiiache.

Na stima ikipotea? Lifunike tangi kwa blanketi kuhifadhi joto, usiwape samaki chakula, na kila baada ya muda chota maji kwa kikombe na kuyamimina kutoka juu ili hewa iingie. Kichujio kikizimika kwa saa nyingi, bakteria nao hukosa hewa na kuanza kufa. Kwa hivyo stima ikirudi, pima amonia kabla ya kulisha.

Je, maji? Sehemu kubwa ya maji ya mfereji Nairobi hutoka bwawa la Ndakaini, chini ya milima ya Aberdare, na ni maji laini yenye madini machache. Hiyo ni bahati kwa mfugaji wa diskasi. Dosari yake ni klorini, ambayo huchoma matamvua na kuua bakteria. Yaweke katika pipa wazi kwa siku nzima, ukiyakoroga au ukiyapitishia pampu ya hewa, au utumie dawa ya kuondoa klorini inayouzwa madukani. Maji ya visima virefu mjini aghalabu huwa na floridi na magadi mengi. Hayo yapime kwanza, na ukiweza, uyaepuke. Fahamu kuwa amonia huwa na ukali zaidi katika maji ya magadi na ya moto.

Pengine utauliza: sasa niige pH 4 ya Rio Negro? La hasha. Diskasi wengi wanaouzwa leo hawajauona mto huo. Walizaliwa matangini Asia, katika mahali kama Penang nchini Malaysia, na wamezoea maji ya pH kati ya 6 na 7 au zaidi kidogo. Isitoshe, maji yakiwa na asidi kali bakteria wako hulegea. Mwulize muuzaji pH ya maji yake, na ukishaipata ya kwako isiyobadilikabadilika, iache. Diskasi huvumilia kipimo kisicho kamili kuliko kipimo kinachopanda na kushuka kila siku.

Siku ya wageni kuwasili

Dukani, chagua samaki mwenye rangi angavu, macho maangavu yanayolingana na mwili, anayekuja mbele kukutazama. Mwombe muuzaji amlishe mbele yako. Asiyekula dukani hatakula kwako. Nyumbani, zima taa ya tangi, elekeza mfuko juu ya maji kwa dakika 20 ili joto lilingane, kisha ongeza maji ya tangi mfukoni kidogo kidogo. Maji ya mfukoni usiyamwage ndani. Usimlishe siku hiyo. Na ukiwa tayari una samaki wengine, mgeni akae tangi la pembeni wiki nne, kwani maradhi mengi huingia nyumbani kwa mlango huo.

Walishe kidogo mara mbili kwa siku, wadogo mara nyingi zaidi, na ufyonze mabaki kwa mpira baada ya dakika chache. Mara mbili kwa wiki badilisha thuluthi moja ya maji, ukitia mapya yasiyo na klorini na yenye joto lile lile. Sponji ya kichujio ioshe kwa maji uliyotoa tangini, kamwe si kwa maji ya mfereji. Ukiiosha kwa klorini umewaua bakteria uliowasubiri wiki sita, na umerudi mwanzo.

Samaki akiwa mweusi, akajificha, akafunga mapezi, akapumua upesi au akatoa kinyesi cheupe kama uzi, usikimbilie dawa. Pima maji kwanza. Amonia au nitriti ikionekana, badilisha nusu ya maji siku hiyo hiyo. Maji yakiwa safi na hali isibadilike, ndipo utafute dawa kwa mtu anayejua. Dawa katika maji mabaya ni kama kumpa mgonjwa kidonge na kumwacha amelala katika moshi.

Mto nao huugua

Usidhani kwamba mto haupatwi na yanayolipata tangi. Juni 2021, maji ya Rio Negro pale Manaus yalipanda kupita mita 30 katika kipimo cha bandari, kiwango kisichowahi kuonekana tangu vipimo vianze mwaka 1902. Oktoba 2023, kwa sababu ya ukame, yakashuka chini ya mita 13, na Oktoba 2024 yakashuka zaidi. Mwaka huo wa 2023, katika ziwa Tefé upande wa Solimões, joto la maji lilipita nyuzi 39 na pomboo zaidi ya 100 wakafa. Hata kwa viumbe waliozaliwa katika joto, nyuzi chache za ziada zilitosha.

Wavuvi wa Barcelos hawawezi kubadilisha maji ya mto wao kwa ndoo. Wanachoweza ni kuutunza msitu unaoyatia rangi na kuyalisha. Mradi uitwao Project Piaba, ulioanza mwaka 1989, umekuwa ukishikilia kwamba mvuvi anayepata riziki kwa samaki hai hatakuwa na haja ya kukata miti. Biashara hiyo imedhoofika kwa kuwa samaki wengi sasa huzalishwa mbali. Kwa hiyo tangi lako likishatulia miezi kadhaa, na ukitaka kuwapa diskasi majirani, uliza kama kuna kadinali waliovuliwa Rio Negro. Wanapenda joto lile lile, na huko kwao mto wao ni mmoja.

Basi, ndugu msomaji, ukinunua tangi Jumamosi hii, wajulishe watoto mapema kwamba samaki watakuja baada ya wiki sita. Watalalamika. Wape daftari na vipimo, wakae wakiyatazama maji matupu yakigeuka kuwa mto. Diskasi akitunzwa vyema huishi miaka 10 hivi, hata zaidi. Mtoto aliye darasa la nne leo atakuwa chuoni, na samaki wake bado anakuja mbele ya kioo kumsabahi. Wiki sita si nyingi.